Kabla hujanunua wota pampu ya tatu, itazame vizuri ya pili

Mkuu, umesema Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ imebadilishwa wota pampu (pampu inayozungusha maji ya kupoozea injini) mara mbili ndani ya miezi minne, na sasa kuna matone tena chini upande wa belti. Unauliza ununue aina gani ya pampu ili isivuje. Nakujibu kwa yaliyonikuta na IST yangu, maana nilipita njia hiyo hiyo, nikaua pampu tatu kabla sijaelewa kwamba tatizo halikuwa dukani.

Ya kwanza ilikufa safarini, natoka Dar kwenda Iringa. Nilisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, nikasikia harufu tamu tamu hivi mbele ya gari. Taa ya joto haikuwa imewaka. Nyingi ya IST na Vitz hizi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu inapowaka huwa umeshachelewa. Mbaya zaidi, kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) ikiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na inaweza isikuonye kwa wakati. Nilifungua boneti nikaona michirizi kwenye puli ya pampu na tenki la akiba limekauka. Namshukuru Mungu sikuanza kupanda mlima wa Kitonga na hali ile.

Fundi niliyempata akaweka pampu mpya. Wiki ya tatu ikavuja kwenye ukingo, pale inapokaa kwenye bloku. Nikabadilisha tena, ikadumu miezi miwili, ikaanza kulia kama nyenje, kisha ikavuja. Pampu ya nne nikampelekea fundi mmoja mtu mzima. Kabla hajashika spana akaniuliza, "Zile za zamani ziko wapi?" Bahati nzuri zilikuwa kwenye buti. Akazipanga zote tatu juu ya kipande cha boksi akanionyesha kila moja imeuawa na nini.

Ya kwanza mapanga yake yalikuwa yameliwa kingo, na shingo ya shafti ina ukoko mweupe mgumu kama ule wa ndani ya birika. Akaniuliza naweka maji gani. Nilikuwa naongeza maji ya kisima cha nyumbani. Sisi wa pwani tunajua visima vyetu vilivyo na chumvi. Sili ya ndani ya pampu ni nyuso mbili laini mno zinazosuguana huku springi inazikandamiza, na kinachozilainisha ni kile kile kimiminika cha kwenye rejeta. Ukiweka maji ya chumvi, ukoko unakaa pale na kuzikwaruza. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kulanti nyingi za Kijapani zinalinda chuma kwa fosfeti, na fosfeti ikikutana na maji magumu yenye kalisi inageuka ukoko. Kwa hiyo hata ukinunua kulanti halisi, ukiichanganya na maji ya kisima unaiharibu mwenyewe.

Sasa hivi natumia kulanti iliyokwisha changanywa, au ile nzito naichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma lebo kwa makini hapo, maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Rangi isikudanganye pia. Kuna maji ya kijani yanauzwa kwa jina la kulanti na hayana kitu zaidi ya rangi. Wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi wanakosea: kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kuchelewesha mchemko. Pale Iringa, mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, maji matupu kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Hapo ndipo mfuniko wa rejeta unapoingia. Juu yake pameandikwa namba, kwa Toyota mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoishikilia, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Springi yake ikilegea, vipovu vinatokea nyuma ya mapanga ya pampu na kupasuka palepale, kidogo kidogo vinakula chuma. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu, na wangu ulikuwa haujawahi kubadilishwa.

Ya pili ilikuwa na silikoni imejaa kote kote. Fundi wa awali alikwangua gasketi ya zamani kwa bisibisi, akaacha mikwaruzo kwenye alumini, akaifunika kwa silikoni nyingi. Inayobaki nje unaiona, lakini inayobanwa kwenda ndani inakatika vipande na kuzunguka hadi kwenye sili na mirija ya rejeta. Uso wa bloku usafishwe kwa plastiki ngumu au mbao mpaka ukikipitisha kidole usihisi kitu, gasketi iwekwe mpya, kavu. Boliti zake ni ndogo, za spana namba 10, zinahitaji kukazwa kwa karibu Nm 11 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Zikazwe kwa zamu, kwa mkingamo, zisikazwe moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Nimeona mtu anazikaza kwa mpini mrefu kama nati za tairi, na nyuzi za alumini zikatoka na boliti.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ilikuwa pampu nzuri kabisa. Beringi yake ilikuwa imeungua, puli inacheza. Belti ilikazwa mno. Kwenye 1NZ unaikaza kwa kuisogeza alteneta, kwa hiyo kila kitu kinategemea mkono wa fundi. Belti ikipiga kelele asubuhi, wengi wanaongeza kukaza badala ya kubadilisha belti iliyochakaa, na mzigo wote unabebwa na beringi ya pampu. Shafti ikianza kuyumba, sili haiwezi tena kukaa sawa, na maji yanatoka kwenye kile kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Usikubali mtu akizibe. Na zile dawa za kuziba rejeta usiweke, zinakwenda kuganda kwenye sili hiyo hiyo.

Kuna kosa jingine dogo linaloua pampu mpya siku ya kwanza: kuwasha gari kabla ya kujaza, eti kusikiliza kama inazunguka vizuri. Sili ikisuguana kavu hata muda mfupi imekwisha. Jaza kwanza, toa hewa, ndipo uwashe. Pampu mpya inaweza kutoa tone mbili tatu pale kitunduni nyuso zikizoeana, hilo lisikutishe. Likiendelea siku ya pili, hapo sasa lina tatizo.

Wenye injini ambazo pampu inaendeshwa na taimingi belti (belti iliyofichwa ndani ya kifuniko, inayopanga mwendo wa vali), kama 3S ya Ipsum na RAV4 za zamani, badilisheni pampu pamoja na belti hiyo. Kazi ya kuifikia ni ile ile, na pampu ikivuja mle ndani inailowesha belti mpya.

Wewe sasa, gari likiwa limepoa kabisa, shika puli ya pampu uitikise juu na chini. Ikicheza, ni beringi, na huenda belti ilikazwa mno. Isipocheza, mulika tochi chini ya shingo ya pampu: utando wa pinki au mweupe kwenye kitundu unamaanisha sili, utando kwenye ukingo unamaanisha gasketi. Gereji yenye pampu ya kupimia presha ya rejeta ipandishe hadi namba ya mfuniko wako, usubiri robo saa bila kuwasha injini. Na yale matone uwanjani yafute kwa maji mengi, kwa sababu ni matamu na ni sumu, watoto na mbwa wanayalamba.

Ukishaona linatokea wapi, rudi hapa useme ni kitunduni au ukingoni, na umekuwa ukiongeza maji gani. Ile pampu ya kwanza kama fundi bado anayo, mwombe akurudishie.