Usiipige msasa vespa ya marehemu

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na nia njema. Tulimwambia aitoe ghalani vespa, ile pikipiki ya kizamani ya marehemu babu yake, maana mnunuzi kutoka Dar es Salaam angefika Wete siku ya pili yake. Akaona aibu mgeni kuja kuonyeshwa chombo chenye kutu na vumbi la miaka. Akaenda dukani, akanunua karatasi mbili za msasa. Mimi nilipofika kutoka Unguja, nimechoka na boti na gari ya kutoka Mkoani, nikamkuta uani jasho linamtiririka. Kava la kushoto, lile bati la ubavuni, halina rangi hata chembe, linang'ara kama sufuria mpya.

"Shangazi, bado la kulia tu," akanambia, anacheka kwa furaha.

Karatasi mbili zile zilitutoa laki tatu. Nimeona niandike kwa sababu vespa za zamani visiwani bado zipo, zimelala chini ya ngazi na kwenye mabanda, Mkunazini, Kikwajuni, Chake, na wengi wenye nazo wana fikra ileile ya kijana wetu: nipulizie rangi kwanza, ndipo nipate bei. Kama unamuuzia mtu wa kuendea kazini, pulizia. Kama anayekuja ni mkusanyaji wa vyombo vya zamani, weka msasa chini.

Baba alikuwa karani wa karafuu. Yake ilikuwa Vespa 150 ya mwanzo wa miaka ya 1960, ile wanaojua huiita VBB: magurudumu madogo ya inchi 8, gia nne unazozungusha kwa mkono wa kushoto. Msimu wa karafuu ilikuwa haipoi, leo Konde, kesho Mtambwe. Ilipozima ikaegeshwa ghalani, juu yake yakapangwa magunia, na sisi tukaisahau. Wa kwanza kuiulizia alikuwa kijana wa chuma chakavu, akataja elfu themanini. Wa pili alikuwa fundi, akataka nimpe laki sita aifanye mpya kabisa. Nilikuwa karibu nimkubalie. Kilichoniokoa ni ukata, wala si akili.

Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyenieleza alichokuwa akikitafuta. Piaggio walianza kuzitengeneza Vespa mwaka 1946, kule Pontedera, Italia, na zimetoka kwa mamilioni. Kwa hiyo vespa nzee si kitu adimu. Adimu ni ile ambayo haijaguswa. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Ukiikwangua, hata umlete fundi hodari vipi, atakachokupa ni rangi yake yeye. Tena wakusanyaji wameshaumwa na nyoka. Zipo vespa zilizofufuliwa huko Asia, nje zinameremeta, ndani bati limeoza, limejazwa puti, ile dawa ya kuzibia matundu, na kufunikwa rangi. Ndiyo maana mtu akiona chombo kimechakaa kwa haki, moyo wake unatulia: anakiona alichonacho mbele yake.

Basi alivyoikagua ilinifundisha kuliko maneno yake. Hakutazama taa, hakutazama kiti. Alilala chini, kanzu na yote, akamulika sakafu ya miguu kwa chini. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Lile bati la mwili ndilo linalobeba injini, magurudumu na wewe mwenyewe. Kutu ya juu juu kwenye kava haikumshughulisha. Kutu ya sakafuni ndiyo inayoua bei. Akachukua bisbisi, akawa anagonga taratibu kila pahali na kusikiliza mlio. Kisha akatoa sumaku ndogo aliyoizungushia kitambaa, akaipitisha mwili mzima. Puti haivutwi na sumaku, kwa hiyo pahala palipozibwa panajisema penyewe. Yetu ilishika kote, isipokuwa kiraka kimoja karibu na pedeli ya breki. Nikamwambia kabla hajaniuliza: pale baba aligonga jiwe akapeleka kuziba. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuniamini, kwa hiyo nakusihi, kasoro unayoijua itaje wewe mwanzo.

Alipofika kwenye kava la kushoto akanyamaza kwa muda. "Hili nani kalifanya hivi, dada?" Mwenye kosa alikuwa keshajificha jikoni kwa bibi yake.

Kuhusu kusafisha: futa vumbi kwa kitambaa kikavu, toa mavi ya panya, basi. Usimwagie maji, usipake mafuta ya kung'arisha. Grisi nzito iliyoganda kwenye injini iache, imelinda bati miaka yote hiyo. Hata stika ya zamani na namba iliyoandikwa kwa brashi viache. Kwenye kisanduku kilichomo kwenye kava la kushoto sisi tulikuta spana moja, plagi kuukuu na punje za karafuu zilizokauka. Nilitaka kuzitupa. Mnunuzi akazikusanya moja moja na kuzirudisha mahali pake.

Injini nayo usiilazimishe iwake. Watu wanapenda kupiga kiki mpaka mguu unauma, wanataka wamuonyeshe mnunuzi kuwa "inanguruma". Petroli iliyokaa miaka imegeuka ulimbo kwenye kabureta, sili zimekauka, na pengine pistoni imeganda. Ukilazimisha unaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima. Fungua plagi, tia oili kidogo, acha ilale, halafu jaribu kuizungusha pole pole kwa mkono. Ikizunguka, mwambie mnunuzi inazunguka. Isipozunguka, mwambie imeganda. Mkusanyaji ataifungua vyovyote iwavyo.

Namba ndizo zilizopandisha bei yetu. Vespa ina namba mbili, moja imegongwa kwenye bati la mwili na nyingine kwenye injini. Yetu ya mwili inaanza na VBB1T na ya injini VBB1M. Ile T ni ya telaio, yaani fremu kwa Kitaliano, na M ni motore. Zikiwa za jamii moja hivi, ni dalili nzuri kwamba injini haikuletwa kutoka chombo cha aina nyingine. Mnunuzi alikuwa na wasiwasi pengine ni ya India, kwa sababu Bajaj walikuwa wakiunda Vespa kwa leseni kuanzia 1961 mpaka 1971. (Leo umtajie mtoto bajaji, anafikiria magurudumu matatu.) Zisugue namba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zisomeke, ila hapo pia msasa haramu. Na ukituma picha kwenye simu, ziba tarakimu za mwisho mpaka umjue unayezungumza naye.

Karatasi tulizikuta kwenye mkoba wa mama, zimekunjwa pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa: kadi ya chombo, na risiti mbili tatu. Kadi ina jina la baba. Hilo likaibua jambo ambalo mafundi hawatakwambia, na ambalo ndilo linalovunja mauzo mengi kwetu. Chombo cha marehemu si chako hata kama funguo unazo wewe. Ni mirathi. Mnunuzi mwenye akili atauliza warithi wako wangapi na wameridhia, maana hataki kesho aitwe kwa kadhi kwa kitu alichokilipia. Sisi tulikaa barazani kabla ya kumwita mtu yeyote: mama, kaka zangu wawili, na sisi wasichana watatu. Tukaandika kuwa tumekubali kuuza na nani atazungumza kwa niaba yetu. Ami akaweka saini ya ushahidi. Siku ya malipo tukaenda kwa sheha, mkataba ukaandikwa pale, namba zote mbili zikatajwa, na sentensi moja kwamba mambo ya forodha ya kuivusha kwenda bara ni juu ya mnunuzi. Sentensi hiyo usiisahau.

Kwenye bei sina ufundi mwingi wa kukufunza. Dalali hatukumtia. Nilimuacha ataje yeye, akataja milioni mbili na nusu. Nikamwambia nitazungumza na wenzangu, nikamtilia chai na mkate wa kumimina, nikaingia ndani nikakaa tu kitandani robo saa. Nilipotoka tukafika milioni tatu na nusu. Akalitazama tena lile kava. "Laki tatu ya hili, dada, na wewe unajua." Nilijua. Ikawa milioni tatu na laki mbili, taslimu.

Waliipakia kwenye gari wakiwa wameizungushia magodoro, bila kuilaza. Mama alisimama mlangoni, akauliza kama na honi imekwenda. Tukamwambia imekwenda.

Jioni tukagawa. Thumni ya mama laki nne, kila mmoja wetu wasichana laki nne, kila kaka laki nane. Nikamwambia kaka mkubwa kwamba laki tatu za msasa zikatwe kwenye fungu lake, maana mtoto ni wake. Mpaka leo nikimkumbusha anaulizia hali ya hewa Unguja.