Huduma ikiwa mbovu uache tipu ngapi? Najibu kama mtu aliyebeba sahani Kisumu

Jamaa anauliza hivi: Jumapili alipeleka familia kula hapa Nakuru, bili ikafika 3,400, soda zilikuja chap chap lakini kuku akakaa lisaa limoja na zaidi, weita naye akapotea kabisa, halafu wakati wa kulipa bibi yake akaacha finje (shilingi hamsini) kwa meza na yeye akaona aibu. Sasa anataka kujua, huduma ikiwa mbaya hivo unaacha ngapi, ama usiache kitu. Wengi mmemwambia sifuri, na mmoja hapo juu analeta mambo ya Marekani, ati kule tipu inaachwa hata huduma ikiwa mbovu, hiyo ntaifikia.

Mimi nilikuwa weita Kisumu miaka miwili na kitu, hoteli ya samaki si mbali na ziwa, jina naacha. Kibarua cha mia tano kwa siku, unalipwa jioni, na mteja akitoroka na bili inakatwa kwako. Kuna siku vijana wanne walinishow wanaenda kunawa mikono, wakanawa moja kwa moja mpaka stegi ya matatu, wakaniachia 1,850. Piga hesabu hizo ni siku ngapi za kazi. Kwa hivo ukiona weita anakuzunguka zunguka ukimaliza kula si lazima anangoja tipu, saa zingine anakulinda tu.

Sasa kabla useme huduma mbaya jua kosa ni la nani, na mimi huangalia soda. Soda hutoka kaunta, weita anaenda anachukua anarudi, hapo hakuna mtu wa kusingizia. Soda ikija haraka na kifungua chupa kiko na gilasi ni safi halafu chakula kikae, hiyo shida iko jikoni na weita hana uwezo nayo, hawezi kuingia akukaangie. Lakini kama hiyo soda yenyewe imekaa dakika ishirini, umeletewa Fanta na uliitisha Stoney, umeita mara tatu na jamaa anascroll simu kwa kona, huyo ni yeye. Pia watu wengine bana mnaitisha samaki mzima wa wet fry saa saba na dakika kumi, saa saba na robo mnaanza kuangalia saa. Samaki anatolewa magamba, anakaangwa, ndio arudi kwa nyanya na kitunguu, nusu saa ni kawaida kabisa, kama una haraka kula omena ama uitishe chapo dondo.

Wacha niwape moja. Mei 2022 Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ilikuja Kisumu, wageni wakajaa mji wote, sisi jikoni tulikuwa na wapishi wawili na karai mbili za kukaanga. Oda tulikuwa tunaandika kwa karatasi tunabana kwa kamba na pegi za nguo, ya kushoto ndio inapikwa kwanza. Akaingia mama mmoja mzee na wajukuu wawili, akaitisha ngege (tilapia) wawili wa wet fry na ugali. Karatasi yake ilikuwa ya tatu. Kabla ifike zamu akaingia mheshimiwa na watu kama kumi na wawili, boss mwenyewe akaja mpaka kwa kamba, akatoa pegi, akaiweka ya mheshimiwa mwanzo kabisa. Si hiyo tu, ngege wa yule mama walikuwa tayari wako kwa mafuta, na nikawaona wakitolewa wakipita mbele ya macho yangu wakienda meza ingine. Mimi nilifanya nini? Nilijificha nyuma ya friza. Dakika kumi nzima nikijifanya napanga chupa, nikitoka napitia upande ule mwingine ndio asinione. Si kiburi, ni venye hauna jibu, na ukisema ukweli unamuuza boss wako.

Mwishowe watoto walianza kulia nikaenda. Nikamwambia mama, samaki wenu wameenda meza ingine, itakuwa nusu saa tena, nisamehe. Akaniangalia tu halafu akasema, "Wuoda (mwanangu), si ungesema mapema hawa wakule hata mandazi." Nikawaletea mandazi nne, nikalipa mwenyewe. Wakati wa kutoka alinishika mkono kunisalimia na kumbe kuna soo mbili (shilingi mia mbili) zimekunjwa ndogo kama kidonge. Na alikuwa amengoja lisaa na nusu, simdanganyi mtu.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mzee mwingine, yake ilichelewa kama robo saa tu. Nimempelekea jagi na beseni anawe, amemaliza, akatoa ten bob akaitumbukiza ndani ya yale maji machafu ya mafuta ya samaki, akasema "hiyo ni yako, utaivua." Meza nzima ikacheka. Nilienda nayo nyuma nikaivua, ten bob ni ten bob, lakini mpaka leo naijua sura yake. Kama umekasirika usiache kitu, sisi hatukasiriki na sifuri, sifuri tumezoea. Kile kinauma ni hiyo ya kuachiwa ndio udharauliwe.

Viwango vyangu ni hivi. Kibanda ama hoteli ya kawaida siachi kitu, labda chenji ya mbao (shilingi ishirini), na hakuna mtu atanichukia. Mahali pa kati, bili ya elfu moja hivi naacha finje ama soo. Ikifika elfu tatu kwenda juu naenda na soo mbili, na zile hoteli za vitambaa mezani asilimia kumi kama nimefurahi. Jikoni ikichelewa naacha ileile ya kawaida, ama nusu kama weita hakuja hata kuniambia. Weita mwenyewe akiwa na madharau, sifuri, na namwambia kwa sauti ya chini tukiwa wawili. Mwezi uliopita hapa Nakuru kuna kijana alinirushia menyu kama frisbi, nikamwita mara mbili akajibu "si unaona niko bizi," bili ilikuwa 1,200, nikalipa 1,200. Nikamwambia, boss, mimi nimefanya hii kazi, leo nimechukua soo yangu nikarudi nayo nyumbani kwa sababu ya ile menyu. Alishtuka, akasema pole. Kama angekuwa ameongeza soda mbili za uongo kwa bili ningeenda kwa meneja, hiyo ni wizi. Lakini kwa vitu vidogo mimi huogopa meneja, kwa sababu kibarua hapewi barua ya onyo, anaambiwa tu kesho usikuje. Kama ni chakula kimechelewa mwambie meneja jikoni yako inachelewa, weita muweke kando.

Sasa wa Marekani. Kweli kule ni asilimia 15 mpaka 20 na wengi huacha hata kama wamehudumiwa vibaya, lakini hiyo iko na sababu yake. Sheria ya serikali yao kuu inakubali tajiri amlipe weita dola 2.13 kwa saa, na hiyo namba haijaguswa tangu 1991, tipu ndio inafaa kumfikisha 7.25 yenye wengine wanalipwa. Majimbo mengine kama California yamekataa huo mpango. Kwa hivo ukimnyima tipu kule umemkata mshahara. Huku kwetu sheria haimpunguzii weita kwa sababu ya tipu, hata kwa jedwali la mishahara ya chini ya serikali weita na mpishi wako mstari mmoja na turnboi (utingo wa lori) na mkata mawe. Kama analipwa hiyo kweli ama la, hapo ndio vita, lakini vita ni ya tajiri, si yako na kuku wako.

Kingine, watu huona "catering levy" asilimia mbili kwa risiti wanasema ah, weita ameshalipwa. Hapana. Hiyo ni ushuru unaenda Tourism Fund, mfuko wa utalii wa serikali, weita haioni hata kwa ndoto. Kama kuna laini imeandikwa sevis chaji (malipo ya huduma), hiyo ni kitu ingine, na hapo hata mimi siongezi.

Turudi kwa mwenye swali. Soda zilikuja haraka, kuku akakaa, weita akapotea. Bro huyo alikuwa nyuma ya friza. Mimi ningempatia soo na nimwambie ungekuja tu kutuambia. Finje ya bibi yako si aibu, ilikuwa karatasi ama sarafu, haikuwa ndani ya beseni. Na ukiacha, peana kwa mkono ama utume kwa namba yake, usiongeze juu ya bili kwa till, ile namba ya M-Pesa ya hoteli. Mimi kuna mzungu aliniwekea mia tano hivo, nikaenda kuulizia kwa kaunta nikaambiwa pesa ikishaingia kwa till ni ya hoteli, na nikaulizwa kwani ile meza ya nje nani anapanguza.