Gereji ya Wasomaji: Bedilaina Ndani ya Kebini ya Pikapu Kuukuu

SWALI: Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser pikapu HZJ75 ya mwaka 1994, gari la shamba. Kapeti ya raba imechakaa, na nilipoifunua nimekuta godoro la nyuzi lililo chini yake limelowa chepechepe na bati limeanza kutu upande wa miguu ya dereva. Naona wenzangu wanapulizia bedilaina (ile rangi nene, ngumu, ya kukinga bodi la mizigo) ndani ya kebini badala ya kapeti, halafu wanaosha tope kwa mpira wa maji. Nimeshanunua seti ya bedilaina ya Raptor ya chupa 4. Je, zitatosha? Na nianzie wapi?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Zitatosha, na hesabu yake tutaifikia. Ila kabla hujafungua hata chupa moja, tuambie maji yanaingilia wapi. Godoro halilowi lenyewe. Ukipuliza bedilaina juu ya sakafu ambayo bado inapokea maji, umegeuza kebini kuwa beseni: maji yatatafuta mwanya kwenye kiungo cha bati, yatajipenyeza chini ya rangi, na kutu itaendelea kula pasipo wewe kuiona.

Kulitafuta tundu kunataka watu wawili. Mmoja akae ndani na tochi, kapeti ikiwa imetolewa. Mwingine amwagie gari maji taratibu kwa mpira, akianzia chini kupanda juu. Milango kwanza, kisha chini ya kioo cha mbele, kisha pembeni mwa kioo, mwisho mfereji wa paa. Kila sehemu dakika kama 5. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yamepita wapi. Kwenye HZJ75 mshukiwa wa kwanza ni kona mbili za chini za raba ya kioo cha mbele, maana ukingo wa bati uliofichwa ndani ya raba hiyo huoza kimyakimya. Mshukiwa wa pili ni raba za waya zinazopenya ukuta wa injini. Na kama maji uliyoyakuta yana rangi na yanateleza vidoleni, hiyo si mvua: ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye mipira ya hita.

Ukishaziba, vua kebini. Chomoa betri, toa viti, mikanda, vizingiti vya milango, kava za gia na kila kipande cha plastiki kinachogusa sakafu. Sehemu utakayoipitisha brashi pembeni kwa uvivu wa kufungua bolti ndiyo hiyohiyo itakayobanduka kwanza.

Chini utakuta vibandiko vya lami vya kupunguza kelele, vilivyowekwa kiwandani. Vigonge kwa mpini wa bisibisi. Mlio mzito uliobana maana yake kimeshika. Mlio wa utupu maana yake kimeachia na kuna unyevu chini yake, kitoe. Kwa gari la umri huu tunashauri uvitoe vyote. Pasha moto kwa hita ya mkono, kwangua kwa kikwangulio kipana, kisha masalia yafute kwa tapentaini. Mwenye kupata barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) akiitandaza juu ya kibandiko kwa dakika chache lami hukakamaa na kupasuka kwa nyundo ndogo, lakini milango iwe wazi, maana gesi inayotoka inafukuza hewa ya kupumua.

Sasa kutu. Ile ya juujuu isugue kwa brashi ya waya ya grainda au msasa namba 80 mpaka bati liwe jeupe. Iliyochimba vishimo, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, fuata maelekezo ya kopo juu ya kuisafisha, na acha bati likauke kabisa kabla ya praima, yaani rangi ya msingi. Praima ya epoksi ikikaa juu ya asidi iliyobaki haishiki. Palipotoboka hapazibwi kwa puti wala kwa faibaglasi. Kata mpaka ufike kwenye bati zima, chomelea kipande cha milimita 1 hadi 1.2. Kumbuka kwamba moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya upande wa chini pia, kwa hiyo ingia uvunguni umalizie huko. Mafundi wengi hukusahau, na mwaka unaofuata kiraka kinaoza kuanzia nje. Kabla ya cheche ya kwanza, angalia mabomba ya dizeli na ya breki yanapita wapi.

Bati tupu lipate praima ya epoksi. Viungo vyote vya bati uvizibe kwa silanti ya poliyurithani ya magari. Silikoni ya mabafu usiilete karibu na gari hili, kwa sababu hakuna rangi inayoshika juu yake. Rangi ya zamani ambayo bado nzima huna haja ya kuitoa. Ikwangue kwa msasa namba 180 hadi 280 mpaka mng'ao wote ufe. Kwenye kona ambazo msasa haufiki tumia ile pedi nyekundu ya kusugulia. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yanarudi palepale yalipokuwa.

Kuna vitu visivyopakwa. Mashimo ya bolti za mikanda, yafungie bolti kuukuu zilizozungushwa tepu ya karatasi. Sehemu waya wa *ethi* unapofungwa kwenye bodi, funika, kwani pakipakwa taa zitaanza vituko. Raba za kutolea maji sakafuni zitoe, ziba tundu kwa tepu, uzirudishe baadaye. Kama gari lako lina namba iliyogongwa kwenye bati la ndani, iache wazi, usije ukahangaika na wakaguzi. La mwisho ndilo linalosahauliwa mno: pale miguu ya viti inapokaa. Bedilaina nene chini ya mguu wa kiti hubonyea polepole, na bolti uliyoikaza vizuri inalegea. Funika sehemu hizo kwa tepu, zibaki na praima na rangi nyembamba ya kawaida. Hata hivyo, kaza tena bolti za viti baada ya wiki.

Hesabu sasa. Sakafu ya kebini moja, sehemu ya mteremko wa miguu na ukuta wa nyuma hadi usawa wa kiti ni kama mita za mraba 3.5. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni mita za mraba 7. Chupa moja hufunika takriban mita 2.5 hadi 3 kwa mkono mmoja, kwa hiyo chupa 3 zinafanya kazi yote, ya 4 ibaki kwa sehemu za chini za milango na marekebisho. Chupa huja imejaa robo tatu kwa makusudi: ndani mna mililita 750, wewe unaongeza hadina (dawa ya kugandisha rangi) mililita 250 hadi kwenye mstari, yaani 3 kwa 1. Tikisa dakika 2 kamili ukitazama saa. Changanya chupa moja moja. Kwenye nyuzi 20 una kama saa moja kabla haijaanza kuganda. Kwenye joto zaidi muda huo unapungua.

Bunduki inafungwa moja kwa moja kwenye shingo ya chupa. Presha iwe 40 hadi 60 psi, umbali sentimita 35 hadi 45. Presha ikiwa ndogo vinundu vinakuwa vikubwa, ikiongezeka vinakuwa laini. Ndani ya kebini mkono hauna nafasi, hivyo anza na brashi kwenye kona zote, kisha puliza ukianzia ukuta wa mbele ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, hata kama rangi ya chini inaonekana bado. Mkono wa pili baada ya kama saa 1. Asubuhi za Njombe za mwezi wa saba si wakati wake: bati huwa na umande usiouona kwa macho. Ngoja mchana, lishike kwa kiganja, likiwa vuguvugu ndipo uanze.

Tepu zitoe rangi ikiwa bado laini. Ukingoja kesho utang'oa tepu pamoja na kingo za rangi, mchana kutwa uwe unakata kwa wembe. Siku 2 hadi 3 unaweza kurudisha viti na kuendesha taratibu. Mizigo na buti za shamba, siku 7.

Na ule mpira wa maji? Hapana. Waya za gari zinapita pembeni mwa sakafu hiyohiyo. Fagia, futa kwa kitambaa kilicholowa, basi.

SWALI: Salaam aleikum. Hilux yangu ilipuliziwa bedilaina sakafuni mwaka jana. Sasa yatoka vipande vipande kama ganda la muhogo. Fundi asema dawa ilikuwa mbovu. Naweza kupiga nyingine juu yake?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wa aleikum salaam. Usipige kitu kwanza. Chukua kipande kilichobanduka, kigeuze, ukisome mgongoni.

Mgongo ukiwa laini unang'aa, na sakafuni rangi ya zamani nayo inang'aa: haikupigwa msasa, au palikuwa na mafuta. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi yana silikoni, nayo husafiri mpaka sakafuni. Dalili yake nyingine ni viduara vilivyo wazi ambapo rangi ilikimbia siku ileile ya kupuliza. Mgongo ukiwa umebeba rangi ya zamani: bedilaina ilishika vyema, ila rangi ya chini ndiyo iliyoachia bati. Ukiwa na unga wa kahawia, unajua jibu. Kivunje kipande: ndani kukiwa na vitundu kama andazi, palikuwa na maji, kwani hadina ikikutana na unyevu hutoa gesi. Kwa Mombasa hili ni jambo la kila siku, na mara nyingi maji yametoka kwenye kompresa yenyewe. Chujio la maji lifungwe karibu na bunduki, na tangi la kompresa limwagwe kabla ya kazi. Mwisho, bonyeza kwa ukucha. Ikibonyea baada ya mwaka mzima, hadina ilipunguzwa au haikutikiswa.

Ikiwa ni hadina, yote itoke. Sababu nyingine zote, kwangua mpaka ufike mahali ambapo kikwangulio kinagoma, lainisha ukingo, piga msasa 180 hata juu ya ile iliyobaki, safisha, kisha paka. Dawa mbovu ipo, lakini mara chache.

SWALI: Barakoa ile ya hospitali inatosha kwa kazi hii?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Haitoshi hata kidogo. Hadina ya bedilaina za chupa mbili ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na mwili wa mtu ukishaanza kuikataa anaweza kupata pumu ya kudumu, hata ikawa kila akikaribia gereji anabanwa kifua. Kebini ni sanduku, ukungu hauna pa kwenda. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Pungufu ya hapo, barakoa ya raba yenye vichujio vipya vya A2P3 (vinavyozuia mvuke wa kemikali na chembe ndogo), na milango yote imevuliwa au imefunguliwa. Vaa miwani iliyofunga, glovu, na nguo ya mikono mirefu. Aliye na historia ya pumu asiishike kazi hii kabisa, na watoto wasiwe uani.

Kupaka kwa rola kunapunguza ukungu, na kwa kebini ndogo si jambo la aibu. Vinundu vinakuwa vikubwa kidogo. Barakoa bado inavaliwa.

SWALI: Je, itapunguza joto la injini na kelele za dizeli?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Mlio wa bati kutetemeka utapungua kidogo. Joto, hapana. Kwenye HZJ75 injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 iko mbele ya miguu yako na giaboksi iko chini yake, na rangi isiyozidi milimita moja haizuii kitu; tena ukitoa kapeti na godoro lake, kebini itakuwa ya moto kuliko mwanzo. Bedilaina ikishakauka siku 7, tandika juu yake povu lisilonyonya maji, lenye vitundu vilivyofungwa, kisha mkeka wa raba unaoweza kutolewa. Usivibandike kwa gundi. Kila baada ya masika ufunue uangalie. Halafu kagua pedali ya mafuta: ikandamize mpaka mwisho, uhakikishe haigusi mkeka wala kunasa.

SWALI: Fundi wangu anasema nipake ile lami ya uvunguni ndani ya kebini, ni rahisi zaidi.
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ni rahisi, na mahali pake ni uvunguni. Lami ile haigandi kikamilifu. Gari likikaa juani kwa muda wa saa 3 italainika, itashika viatu, na harufu yake utaisikia kwenye nguo zako hadi kanisani.