Betri za ndege za mfano wakati wa mvua

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuziacha betri zako za lithiamu polima zikiwa zimejaa, ndani ya stoo ya mabati pale Gulu, hadi mvua zikatike. Nakusihi usifanye hivyo. Seli, yaani kila kipande kimoja kinachounda betri, ikijaa ina volti 4.2, na ikikaa wiki kadhaa katika hali hiyo, hasa mahali penye joto, kemikali zake huchakaa na kutoa gesi inayoivimbisha. Ikishuka chini ya volti 3 nayo huharibika. Zihifadhi kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, yaani takriban 11.4 kwa betri ya seli tatu. Chaja nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuhifadhi unaofanya kazi hiyo wenyewe.

Zihamishie kwenye chumba chenye ubaridi, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na godoro. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni linafaa, mradi lisizibwe kabisa, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea sanduku linaweza kupasuka. Funika ncha za nyaya zisigusane. Iliyokwisha kuvimba usiichaji tena, hata kama bado inarusha ndege.