Kyubiti ikikupa namba nzuri usiku, ngoja asubuhi upime tena

Mwaka wangu wa pili wa PhD, saa nane usiku, niko peke yangu maabara huku Ulaya ya kaskazini, nje theluji inashuka, ndani pampu ya friji inapiga chwii, chwii, haichoki, na kwenye skrini imetoka grafu niliyoisubiri miezi mitano: kyubiti namba 3 (kyubiti ni kile kipande cha kompyuta ya kwantamu kinachobeba 0 na 1) inakaa juu, yaani kwenye 1, kwa maikrosekunde 82 kabla ya kuporomoka. Nikapiga picha nikamtumia supavaiza wangu, nikamtumia na mjomba wangu Tanga ambaye hajui kyubiti ni kitu gani, ila alipoamka kuswali alfajiri alijibu, "hongera sana mjomba, Mungu akuzidishie". Asubuhi supavaiza akaingia na kahawa yake mkononi, akasema haya tuone, nikapima mbele yake ikatoka 27. Nikarudia, 29. Na hakuna mtu aliyekua amegusa waya hata mmoja.

Naandika haya kwa sababu kuna wadogo zangu wako vyuoni Dar, Dodoma, Eldoret, wananitumia meseji wanaulizia hii fani ya kompyuta za kwantamu, yaani zinazotumia fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na karibu wote wanaanza na mambo ya yule paka wa mfano wa wanafizikia, aliye hai na amekufa kwa wakati mmoja, na ulimwengu sambamba. Mi nataka niwaambie kitu ambacho natamani mtu angenikalisha chini akaniambia siku ya kwanza. Kyubiti ya aina hii ni saketi, basi. Ni alumini na kapasita na nyaya, imetengenezwa na watu kwa mikono na mashine, na ukwantamu wake upo kweli, unaupima kila siku, lakini utauona tu kama umeilinda hiyo saketi na kelele, na namba yoyote itakayokupa usiiamini mpaka uipime tena na tena.

Kwa hiyo anza na redio. Mjomba wangu ni fundi redio, likizo zangu zote za shule niliishia kibandani kwake nashika chuma cha kulehemu, na nilikua namuona anazungusha ile kapasita ya visahani taratiiibu mpaka stesheni inakamata. Kinachotokea pale ni umeme unakwenda na kurudi kati ya koili na kapasita kwa masafa yake wenyewe, kama bembea. Redio ya FM ni megahezi 88 mpaka 108, kyubiti yangu mimi iko kama gigahezi 5, jirani kabisa na Wi-Fi ya nyumbani kwako. Sasa chukua saketi ile ile ya koili na kapasita uitengeneze kwa metali ambayo ikipoa inapitisha umeme bila ukinzani wowote, alumini inafika huko ikiwa chini ya kelvini 1.2 hivi (kelvini ni kipimo cha joto, na sifuri yake ndo baridi ya mwisho kabisa), halafu ipoze sana, utakuta haipokei nishati kiholela, inapokea kwa vipande, yaani inapanda kama mtu anavyopanda ngazi, kidato kwa kidato, katikati ya kidato na kidato hakuna pa kukanyaga.

Ila kuna tatizo, na hili ulielewe vizuri kabla hujasoma kitu kingine chochote. Kwenye koili ya kawaida vidato vyote vimepishana sawasawa, kwa hiyo ukiipiga kwa wimbi la kuipandisha kutoka chini kwenda kidato cha kwanza, wimbi hilo hilo linaipandisha cha pili, na cha tatu, na kuendelea, huwezi kuizuia icheze kwenye viwili tu, na bila viwili tu huna 0 na 1.

Hapo ndo kinaingia kiungo cha Josephson. Ni alumini, juu yake utando wa oksidi wa nanomita 1 au 2 hivi, juu yake alumini tena. Brian Josephson alikua na miaka 22, bado mwanafunzi Cambridge, alipoonyesha kwa hesabu mwaka 1962 kwamba jozi za elektroni zinaweza kupenya utando kama huo bila volti yoyote. Kiungo hiki kinafanya kazi ya koili, ila koili ambayo tabia yake inabadilika kadiri unavyoisukuma. Rudi kwenye bembea: mtoto akibembea kidogo kidogo, muda wa kwenda na kurudi ni ule ule, lakini ukimsukuma apande juu sana, safari yake inachukua muda mrefu zaidi. Hesabu ya kiungo ni ya bembea hiyo hiyo, sifananishi tu, milinganyo yenyewe ni hiyo. Kwa hiyo kadiri unavyopanda vidato vinasogeleana, cha kwanza kinataka gigahezi 5, kinachofuata kama 4.75, na hiyo tofauti ya megahezi 250 ndo riziki yetu yote. Ndo maana pia huwezi kuipiga kyubiti kwa pigo fupi unavyotaka, pigo la nanosekunde 3 au 4 linasambaa kwenye masafa mengi mpaka linakigusa kidato cha juu yake, watu wanatumia nanosekunde 20, 30, mpaka 50, tena pigo linaloanza pole na kuisha pole.

Nakushauri ukae na hizo aya mbili wiki nzima, na kalamu mkononi. Mi nilizirukia nikaenda moja kwa moja kwenye algorithimu, nikaja kuzirudia baada ya mwaka mzima, na ule mwaka siupati tena.

Halafu mikono. Kabla saketi haijaingia kwenye friji unapima ukinzani wa kila kiungo ikiwa kwenye joto la kawaida, kwa sababu ukinzani huo unakuambia kiungo kitabeba mkondo kiasi gani kikishapoa. Kwa kyubiti zetu nategemea kiloomu 7 mpaka 10, kikitoa mamia ya kiloomu au kikitoa karibu na sifuri, kimeshaungua au hakijaungana. Na upime kwa volti ndogo mno, sio kwa maltimita ya mezani kama ya mjomba. Kiungo kina upana wa nanomita mia na kitu, ule umeme wa kwenye sweta wakati wa baridi kavu unakimaliza. Nilishaua viungo vinne mchana mmoja kwa sababu nilivua bangili ya kunitia athi, ile inayopeleka umeme wa mwilini ardhini, nikaenda kupokea simu, nikarudi nikakaa nikashika kibao cha saketi. Wiki tatu za kazi ya watu wawili zikaondoka hapo. Bangili ivae kabla hujakaa, na ukinyanyuka ukirudi ivae tena kabla hujagusa meza.

Sasa joto, hapa ndo nataka nikae. Gigahezi 5 ukiigeuza iwe joto ni kelvini 0.24. Chumba ulichokaa sasa hivi kina kelvini karibu 300, zaidi ya mara elfu moja ya hiyo, yaani kwenye joto la chumba kile kidato chako kimoja kimezama kama jiwe baharini. Friji zetu zinachanganya heliamu ya aina mbili, heliamu-3 na heliamu-4, zinashuka mpaka milikelvini 10 au 20, na huko kwa hesabu kyubiti inatakiwa itulie chini kabisa. Lakini kyubiti haiishi peke yake, ina nyaya zinazotoka juu kwenye vyombo vyako vya joto la kawaida, na kila waya unashusha kelele. Ndo maana njiani tunaweka atenyueta, vile vipande vidogo vinavyopunguza nguvu ya wimbi, vingine kwenye sahani ya friji yenye kelvini 4, vingine kwenye sahani ya chini kabisa, mpaka wimbi linapungua kama mara milioni.

Kuna kipindi wiki sita nzima kyubiti yangu nilikua naikuta juu, bila kuipiga, karibu mara 8 katika kila 100. Kipimajoto cha friji kinasema milikelvini 12, nafurahi. Nikahisi programu yangu ya kuisoma kyubiti ndo ina kosa, nikaiandika upya mara mbili. Mwisho fundi wa maabara, mzee mmoja mtaratibu sana, akaniuliza, "umeikokotoa kyubiti yenyewe inasema ni joto gani?" Nikakokotoa palepale, asilimia 8 kwa gigahezi 5 inatoka karibu milikelvini 100. Kipimajoto kilikua kinapima sahani, hakipimi kyubiti. Tulipofungua tukakuta atenyueta ya mwisho kibano chake kina skrubu mbili zimelegea, kwa hiyo haikua imeshikana na sahani ya baridi, ilikua na joto lake na inalimwaga chini. Skrubu mbili, wiki sita. Tangu hapo kila waya nauchora kwenye daftari, atenyueta ipi iko sahani gani, nani alikaza, tarehe ngapi.

Na usidhani hii ni kazi ya vibarua, sayansi iko kwingine. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2025 walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa kazi waliyofanya chuo cha Berkeley, Marekani, mwaka 1984 na 1985, walionyesha kwamba saketi kubwa unayoweza kuishika mkononi inapenya ukuta wa nishati kwa njia ya kwantamu, na inapokea mawimbi ya masafa fulani fulani tu, kama atomu. Ugumu wao mkubwa ulikua huu huu. Saketi ikiruka ukuta kwa sababu kelele imeisukuma, kwa macho inafanana na iliyopenya kwa kwantamu, utawaambia nini watu? Wakajaza vichujio kwenye nyaya, kundi hilo hilo ndo lilitengeneza vichujio vya unga wa shaba ambavyo mpaka leo vinatumika. Nikizisoma zile karatasi zao naona watu waliokaa muda mrefu sana wanaitafuta kelele kabla ya kutamka neno kwantamu, na nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo.

Turudi kwenye ile 82 iliyogeuka 27. Huo muda wa kukaa juu tunauita T1. Mwaka 1999 Nakamura na wenzake kule kampuni ya NEC Japani walipoonyesha kyubiti ya kwanza ya aina hii, hali yake ya kwantamu ilidumu nanosekunde chache tu, mwaka 2007 kundi la chuo cha Yale likaja na transmoni, ambayo imepewa kapasita kubwa ili chaji zinazozurura jirani zisiisumbue, leo maabara nzuri zinapata mamia ya maikrosekunde. Lakini hata ikiwa nzuri, haitulii. Kwenye oksidi na kwenye ngozi ya metali kuna kasoro ndogo ndogo, tuseme atomu inayoweza kukaa hapa au pale, na kila kasoro ina masafa yake. Ikitokea kasoro masafa yake yamesogea yakalingana na ya kyubiti, inakunywa nishati yake, T1 inaanguka. Baada ya saa moja au siku imesogea tena, T1 inapanda. Usiku ule kasoro ilikua mbali, asubuhi ikawa imekaribia, ndo hivyo tu. Supavaiza wangu hakunifokea, alichukua kalamu akaandika ubaoni: pima mara 200, leta histogramu, yaani grafu ya kila namba imetokea mara ngapi. Na mi ndo nakupa wewe. Weka kipimo kijirudie usiku kucha, chora namba kwa muda, andika ya katikati na andika mbaya kuliko zote. Mtu akikuonyesha T1 moja tu, muulize kwa heshima alipima kwa saa ngapi.

Huna friji? Wengi hawana, ni ghali mno. Ila tangu 2016 IBM wanaruhusu watu kutumia kyubiti zao kupitia intaneti, na kuna muda kidogo wa bure, na programu za Qiskit, QuTiP na scqubits zinashushwa bure, laptopu ya kawaida inatosha. Ningekua mimi nipo nyumbani ningeanza na scqubits nichore vidato vya transmoni, niongeze kapasita nione vinavyosogea, halafu ndo niende IBM nipime T1 ya kyubiti moja, hiyo hiyo moja, leo, kesho, na wiki ijayo, niweke kwenye daftari. Na ukipata fundi redio mtaani mwenye subira, kaa naye. Kulehemu vizuri na kushuku waya kwanza ni vitu nilivyotoka navyo Tanga, na huku vimenisaidia kuliko kozi kadhaa nilizofaulu.

Ile kyubiti namba 3 tuliipima siku kumi, ikawa inapanda inashuka kati ya 22 na 85. Baadaye tukalazimika kulipasha friji lote mpaka joto la chumba kubadilisha waya mmoja, tukapoza tena, kama siku mbili hivi, na ukipasha namna hiyo zile kasoro zinajipanga upya. Namba 3 ikatulia, ikakaa kwenye 60 usiku na mchana. Namba 5, ambayo ndo ilikua nzuri kuliko zote, sasa ndo ikawa inaruka.