Mji uliopangiwa magari: majibu kwa wasomaji

Leo najibu maswali ya wanaotembea, wanaoendesha na walio na watoto barabarani.

Daraja la waenda kwa miguu limejengwa, lakini watu bado wanavuka chini na kugongwa. Huo si uzembe wao?

Mtazame kwanza anayevuka. Ana mzigo kichwani, au mtoto mgongoni, au magoti yanamuuma. Daraja linamtaka apande ngazi, ashuke ng'ambo, kisha arudi nyuma hadi pale alipokuwa anakwenda. Dereva aliyeketi hatakiwi hata kupunguza mwendo. Usalama wote ametwishwa yule mwenye miguu tu, na akishindwa tunamwita mzembe.

Watu hufuata njia fupi, na mpangaji wa mji analijua hilo tangu mwanzo. Kivuko kinachotumika huwekwa pale watu wanapovuka tayari, chini, barabarani, kikiwa na tuta la kulazimisha magari yapunguze mwendo na kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Vifo vingi hivyo, vya watu walewale, mwaka baada ya mwaka, haviwezi kuwa uzembe wa mtu mmojammoja. Vimepangwa ndani ya barabara zenyewe.

Mnataka kikomo cha mwendo kiwe kilomita 30 kwa saa mjini? Si tutachelewa sote?

Hesabu inatisha kuliko watu wanavyodhani. Mtoto akichomoka ghafla, dereva huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari limekwenda mita 8 hivi katika sekunde hiyo, na kwenye lami kavu litasimama baada ya mita nyingine 5. Kwa kilomita 50, sekunde hiyohiyo inameza karibu mita 14. Yaani pale gari la kwanza lilipokwisha kusimama, la pili linapita na breki bado haijaguswa. Aliyesimama hapo atapigwa kwa mwendo wote wa 50, na nguvu ya pigo kwa mwendo huo ni karibu mara tatu ya ile ya 30.

Na kuchelewa? Kilomita 5 kwa mwendo wa 30 ni dakika 10. Kwa 50 ni dakika 6. Lakini nani mjini huenda 50 mfululizo? Taa, makutano na foleni huzila hizo dakika nne kabla hujafika. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako zaidi ya nusu ya mitaa ina kikomo cha 30, ulimaliza miezi 12 hadi Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani.

Kibao cha kikomo cha mwendo peke yake hakitoshi, naomba hili lieleweke. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva akimbie, na dereva huisikiliza barabara kuliko kibao. Ifanyeni iwe nyembamba.

Wakiongeza njia za magari katika barabara, foleni si itaisha?

Itapungua kwa muda, kisha itarudi. Nafasi mpya huwavuta walioahirisha safari, waliokuwa wakipanda basi, na wajenzi wa nyumba za mbali zaidi. Houston, Marekani, walipanua barabara ya Katy hadi njia 26 mahali pengine, ukihesabu na zile za pembeni, kazi iliyokamilika 2008. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimerefuka tena. Seoul, Korea Kusini, walifanya kinyume: walibomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, wakaimarisha mabasi, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa kwa wanaotembea.

Mimi nahitaji gari kwa kazi yangu. Mnataka kulipiga marufuku?

Hapana. Kila anayepata basi la uhakika na njia salama ya baiskeli anakuachia nafasi.

Binti yangu ana miaka tisa. Nimruhusu kwenda shule peke yake?

Tembea naye njia nzima kwanza, saa ileile ya asubuhi. Akilazimika kushuka barabarani kwa sababu magari yameegeshwa pembeni, au kuvuka njia zaidi ya mbili bila kisiwa, msindikize bado. Kasoro hiyo si yake. Kisha wakusanyeni wazazi wenzenu mdai. Uholanzi mwaka 1971 ajali ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400, na wazazi walijaa barabarani kupinga. Njia za baiskeli zinazosifiwa huko leo zilitokana kwa sehemu kubwa na madai hayo. Anzeni na jambo moja linalopimika: tuta na kivuko mbele ya lango la shule, na marufuku ya kuegesha karibu nacho, ili dereva na mtoto waonane.