Maswali yenu: timu kali inakufaje kwa ugomvi wa ndani?

Baada ya ubishi wa swali hilo kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, meseji zimekuwa nyingi, najibu hizi nne, mifano ni ya Kombe la Dunia.

Shikamoo kaka, Ufaransa 2010 wana Henry, Ribéry na Evra, ilikuwaje wakashika mkia kwenye kundi? (Kasulu)
Marahaba mdogo wangu. Mapumziko ya mechi na Mexico mshambuliaji Anelka alimtukana kocha Domenech, gazeti likaanika, akatimuliwa kambini, basi wenzake wakagoma mazoezi, wakapanda basi wakavuta mapazia, na kocha mwenyewe ndo akawasomea waandishi barua ya wachezaji waliomgomea. Yaani kocha! Mechi tatu, pointi moja, na 2006 walicheza fainali.

Wazee wa Ujiji wanasema Zaire (Kongo DR ya leo) 1974 walifungwa 9 na Yugoslavia makusudi, kweli? (Gungu)
Makusudi hapana, mioyo ilishakufa. Hii inaniuma kwa sababu ni jirani zetu hapo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwaka ule ule walikuwa mabingwa wa Afrika. Kwa Scotland walifungwa 2 tu. Halafu wakajua hela walizoahidiwa hawazioni, wakataka kugomea mechi ya Yugoslavia, wakabembelezwa wakaingia hivyo hivyo. Dakika ya 21 wako nyuma 3, kipa Kazadi anatolewa, anaingia Tubilandu, na mpira wa kwanza kuushika ni wa kuutoa wavuni. Mimi lawama siwapi wachezaji hata kidogo, nawapa waliovunja ahadi.

Kwa hiyo wakilipwa bonasi yanaisha? (Uvinza)
Inategemea wamelipwa lini. Ghana 2014 walipelekewa dola zaidi ya milioni 3 taslimu kwa ndege hadi Brazil, na bado siku ya mechi ya Ureno wachezaji Muntari na Boateng wakafukuzwa kambini. Hela ilifika watu washavurugana. Makubaliano yaandikwe kabla hamjatoka nyumbani.

Kaka, timu yetu ya mtaa nahodha na straika hawasalimiani na Jumapili tuna mechi. (Kibirizi)
Wakalishe leo, usingoje Jumapili. 2014 nilikuwa kibanda umiza Ujiji, saa nane usiku imepita, Cameroon kashapigwa 4 na Croatia, mara Assou-Ekotto anampiga kichwa Moukandjo, mwenzake wa timu moja! Banda zima kimya. Na hao kabla ya safari waligomea ndege kwa ajili ya bonasi. Anza na nahodha peke yake, muulize anadai nini, halafu straika, ndo uwakutanishe.